Amehama

Mwezi wa tano uliopita nilikuwa nimeketi katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule moja hapa Masasi, rejesta za mahudhurio zimepangwa mezani kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, nikifanya kazi ambayo watu hunisifia. Mimi ni Afisa Elimu Kata. Walimu wananiogopa kidogo na sikatai, napenda. Nikikuta sifuri nyekundu tatu zimefuatana mbele ya jina la mtoto nauliza: huyu yuko wapi, mzazi ameitwa, mtendaji ana taarifa? Mwalimu akianza kujiumauma namwambia maneno niliyoyasema mara nyingi mpaka yananitoka bila kufikiri, kwamba kusoma kwa mtoto si hisani ya baba yake, ni wajibu wa serikali, na serikali hapa ni wewe na mimi. Siku ile nilikuwa nimemaliza tu kumwambia hivyo kijana anayefundisha darasa la tano, naye ameinamisha kichwa, mwanamke mmoja alipobisha hodi. Alivua kandambili mlangoni, akaegemeza mwavuli ukutani. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nikajibu marahaba bila kuinua macho.

Alisema ana mtoto darasa la tano, Asumini. Likizo ya mwezi wa sita anampeleka Newala kwa bibi yake, anaingia unyagoni, na akitoka ataitwa Mwanahawa. Jina limeshachaguliwa, ni la bibi mwenyewe. Alitaka jina hilo liandikwe kwenye rejesta pamoja na lile la sasa. Mwalimu wa darasa alikuwa amemkatalia. Nami nikamkatalia, kwa upole wa kiofisi, nikamweleza kwamba jina la shule linafuata cheti cha kuzaliwa, liko kwenye kompyuta mpaka wilayani, haliguswi. "Sisemi mlifute, Mwalimu," akasema. "Nasema muandike yote mawili. Ili serikali ikija isimkose." Neno hilo la mwisho lilinifanya nimtazame. Uso mpana, mvi mbili tatu zimechungulia chini ya kilemba ingawa hakuwa mtu mzima sana, na shingo iliyonyooka kama ya wanawake wote waliokua na ndoo kichwani. "Hunikumbuki," akasema, wala hakuwa akiuliza. "Nilikuwa nakuletea maji."

Nilimwomba yule kijana atupishe. Kwa mtu yeyote mwingine ningejifanya nasita, nikumbuke taratibu, niulize wa mwaka gani. Kwake sikuthubutu. Yapo mambo ambayo nimekaa nayo miaka ishirini na zaidi bila kumwambia mume wangu, wala rafiki, wala shekhe, na yote yanaanzia kwenye ndoo ya maji.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na barua yangu ya ajira ilinipandisha kutoka kwetu Masasi hadi juu ya uwanda wa Makonde, katika kijiji kimoja upande wa Mnyambe. Sitakitaja, kwa kuwa aibu ni yangu, si yake. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa muda si mrefu kabla ya hapo na watoto walikuwa wamefurika. Darasa langu la tano lilikuwa na madawati tisa, waliobaki walikaa chini, na wa mwisho walisimama kwenye madirisha ambayo hayakuwa na mbao wala vioo. Wiki yangu ya pili mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano. Alikuwa mtu wa bara, mwadilifu, mwenye sauti nyembamba, na alitangaza kwamba sasa shule ni bure na ni lazima. Aliyarudia maneno hayo mara tatu, bure na lazima, kana kwamba ni jina la mtu mmoja. Mwanamke mmoja akainuka nyuma, mtoto mgongoni. "Bure tumeielewa," akasema. "Hiyo lazima ni ya nani? Kama ni lazima ntoto aende shule, basi na maji ni lazima yafike. Mbona lazima yenu ina mguu mmoja?" Watu wakacheka sana. Mtendaji akasema maji ni idara nyingine. Nami nikacheka pamoja na watu, maana nilikuwa mgeni na sikujua bado kwamba mama yule alikuwa ameuliza swali litakalonishinda mwaka mzima.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa moja, na mwalimu mkuu alikuwa na watoto sita ndani yake. Nikapewa chumba kwa Baba Bakari, mjumbe wa kamati ya shule, mtu mrefu mwenye mikono iliyobabuka kwa utomvu wa korosho. Chumba kilikuwa nusu ghala. Magunia yalipangwa kwenye ukuta mmoja mpaka karibu na paa, na harufu yake kali kidogo ikaingia kwenye nguo zangu, nikaizoea mpaka leo nikiisikia naona kama nimerudi nyumbani kwa mtu. Kuta nyingine tatu zilibandikwa magazeti ya zamani kuzuia udongo usimomonyoke. Kitanda cha kamba, meza ya kukunja, msumari wa kutundikia gauni. Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao haukufika darini, kwa hiyo kikohozi cha kule kilikuwa kikohozi cha huku. Chakula tulikula uani, wanawake na watoto mkeka mmoja: ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa korosho zilizotwangwa, na msimu wake ulipofika, ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vinavyochimbwa kwa subira, vimechemshwa kwa chumvi tu. Mama Bakari alikuwa mjamzito wa mtoto wa nne. Kila mara alinisogezea kipande kikubwa akisema, "Kula, Mwalimu, usije ukasema kwenu tulikunyima," nami nilikula.

Maji ndiyo yalikuwa hayapo. Uwanda ule wote mchanga mwekundu, mvua inanyesha na kuzama, hakuna mto wala chemchemi juu. Bomba la kijiji lilipandishiwa maji kwa mashine kutoka bondeni, na mashine, iliyokuwa ikisuasua tangu nilipofika, ikafa mwezi wa nne. Baada ya hapo aliyetaka maji aliyafuata mwenyewe, chini kwenye ukingo wa uwanda ambako njia inateremka katikati ya mawe, kisha unapanda nayo kichwani. Nilikwenda mara moja. Nilivaa viatu vya shule, nikateremka nikiongea na wasichana kwa furaha, nikajaza ndoo yangu, na wakati wa kupanda nikateleza pale ambapo watoto wa miaka minane walikuwa wamepita wakiimba. Ndoo ilipasuka. Nilirudi na magoti yanavuja damu na nguo imelowa, wanafunzi wangu wenyewe wakigeuza nyuso pembeni kwa adabu wasionekane wanacheka. Jioni ile niliingia chumbani nikalia, si kwa maumivu, kwa ukweli kwamba nisingeweza tena. Asubuhi nilikuta ndoo imejaa mlangoni kwangu, jani la mkorosho linaelea juu ili maji yasimwagike. Aliyeileta alikuwa Sikudhani.

Sikudhani Hamisi alikuwa mtoto wa tatu wa nyumba ile, miaka kumi na miwili, mwanafunzi wangu. Alileta maji asubuhi kabla ya kengele, na alasiri alikuja chumbani kwangu kudai ujira ambao alijipangia mwenyewe, kusoma kuta. Alianzia kona ya mlangoni, kichwa cha habari hadi tangazo la kifo, kidole kikifuata mstari, na alipokutana na neno geni alisimama hapo mpaka nimjibu. "Mwalimu, mkandarasi ni nani?" "Mwalimu, hapa wanasema imebainika. Ilikuwa imejificha wapi?" Palipochanika alibuni mwisho wake. Kufikia mwezi wa sita alikuwa amemaliza kuta mbili na nusu, na aliniuliza kama nyuma ya magunia nako kuna maandishi. Nikamwambia korosho zikiuzwa tutajua. Madaftari yake aliyaweka chini ya kitanda changu, akisema kule kwao watoto wa kaka zake wakija watayachana. Sijapata kufundisha mtoto mwingine aliyesoma hivyo, na nimefundisha wengi.

Likizo ilipofika akaingia unyagoni na wenzake. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeshuka, tukawa tunawasha moto mchana. Siku ya kutoka niliwaona wali, wasichana waliochezwa, wamepangwa, kanga mpya, nyuso zinang'aa mafuta, macho chini kama walivyofundishwa, mama zao wakipiga vigelegele, na majina mapya yakatangazwa. Sikudhani akawa Somoe. Kuanzia hapo jina la zamani halitamkwi. Kumwita nalo ni kumtukana yeye na mama yake, ni kusema kwamba ngoma ile haikuchezwa. Ninaeleza haya kwa wasomaji wa mbali, maana mimi sikuhitaji kuelezwa. Hata kwetu Masasi desturi ni hiyo. Mimi mwenyewe nina jina ambalo mama yangu hakulitamka tena tangu nilipokuwa na miaka kumi na moja, na hapa siliandiki. Shule ina namna yake ya kuishi na jambo hili. Rejesta haibadiliki, kwa hiyo kila mtoto aliyetoka jandoni au unyagoni ana jina lake, na ana jina la rejesta. Asubuhi unaita jina la rejesta, mtoto anaitikia haraka haraka kama mtu aliyemeza dawa chungu, wenzake wanaguna, mnaendelea. Ni jina la serikali. Nyumbani nilimwita Somoe siku ile ile, na Mama Bakari akanishika mkono kwa furaha kwamba nimelelewa.

Shule ilipofunguliwa Somoe hakurudi. Mama yake alikuwa amejifungua, mtoto mwema, lakini mgongo wa mama ulikuwa umekataa. Alitembea akishika kuta. Bakari na yule wa pili walikuwa wameoa, wanaishi kwingine. Maji ya nyumba yote yakawa juu ya kichwa cha Somoe, ndoo ya mama, ndoo ya kupikia, ndoo ya nepi za mtoto, na ndoo ya Mwalimu. Alipokuwa anarudi na ya mwisho, kengele ya kutoka shule ilikuwa inapigwa. Wiki ya kwanza niliandika sifuri tano nyekundu mbele ya jina lake na nikajiambia wiki ijayo nitazungumza na baba yake. Wiki ya pili nikaandika tano nyingine. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuziandika, nilioga kwa maji yake.

Mchana mmoja wa ukungu, nikiwa nasahihisha madaftari, niliwasikia wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Mama Bakari alisema, "Ntoto analia akiona wenzake na sare." Nilimsikia Baba Bakari akisogeza kigoda. Kisha akasema, "Mimi sina ubishi na shule. Lakini nikimtoa kwa hiari yangu, ndugu zako watasema nimekuacha ufe na mgongo wako. Serikali ikija kumtaka, nitamtoa, na hao ndugu zako watakuja wao kuteka maji, kwa sababu ya serikali hawatanilaumu mimi." "Na ikija?" "Ikija na jina lake nitamtoa. Ikija na jina lisilo lake, nitamtoa nani?" Walicheka kidogo, cheko la watu waliochoka. Nilielewa kila neno. Mzee yule hakuwa akiipinga sheria. Alikuwa ameketi anaisubiri, imbebee mzigo ambao peke yake hakuuweza.

Kesho yake Somoe alileta ndoo, na badala ya kuondoka akasimama. Aliniangalia usoni, jambo ambalo mwali aliyetoka karibuni halifanyi. "Mwalimu, wewe unaandikaga majina ya watoro?" Nikasema ndiyo. "Niandike na mimi. Baba amesema serikali ikija hatakataa. Iambie ije." Nikamwambia nitaiambia. Nilimwambia hivyo mkono wangu ukiwa umeshika kopo, nimekwisha chota maji yake.

Na niliandika, sikudanganya hapo. Orodha ya watoro ya darasa la tano ilikuwa na majina manane, na la sita lilikuwa Sikudhani Hamisi. Sikuandika Somoe pembeni. Nilijieleza kwamba orodha inanakiliwa kutoka kwenye rejesta, na rejesta ina jina moja. Nimejieleza hivyo kwa miaka mingi. Kweli ni kwamba kalamu ilisimama pale, nikaiona nafasi nyeupe baada ya jina, nikajua kinachotakiwa kujazwa, nikashuka mstari wa saba.

Mtendaji alikuja siku ya Alhamisi mchana, na mgambo wawili. Tulikuwa uani tunakula ming'oko, mimi na Mama Bakari mkekani, mtoto akinyonya, Baba Bakari kwenye kigoda chake. Walikaribishwa, wakakataa kuketi. Mtendaji akafungua karatasi yangu, mwandiko wangu, akasoma kwa ile sauti yake nyembamba: "Sikudhani Hamisi, darasa la tano. Hajaonekana shuleni tangu kufunguliwa." Nilimwona Mama Bakari akifumba macho kwa kulisikia jina lile mbele ya wanaume. Baba Bakari akapangusa mikono taratibu. "Humu ndani hamna ntu wa jina hilo," akasema. Hakuwa amesema uongo. Mama Bakari, kwa mazoea tu ya ukarimu, akaita, "Somoe! Walete maji wageni." Binti akatoka jikoni na kopo, akapiga goti, akampa mtendaji. Mtendaji akanywa yote, akashusha pumzi, akauliza huyu je. Akaambiwa huyu Somoe. Akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini. Somoe hayumo. Ndipo akanigeukia mimi. "Mwalimu, orodha ni yako. Huyu Sikudhani ni wa nyumba hii, au tumepotea nyumba?"

Kila mtu pale alikuwa amefungwa mdomo isipokuwa mimi. Baba na mama hawakuweza kulitamka jina. Mtoto mwenyewe, mwali wa majuzi, asingethubutu kujiita hivyo mbele ya wazazi na wanaume wa nje, hata kama kwa kufanya hivyo angejiokoa. Mgeni wa bara hakujua. Nilibaki mimi, niliyejua majina yote mawili, ambaye serikali ilimsomesha na kumleta pale kwa kazi hiyo. Ilitakiwa niseme maneno matatu, ndiye huyu hapa. Baba Bakari aliniangalia, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba macho yake yaliniomba ninyamaze. Hapana. Yalikuwa yananisubiri. Sikufikiria mila wakati ule, ingawa baadaye niliisingizia. Sikumfikiria hata Mama Bakari na mgongo wake. Nilifikiria ile njia ya mawe na magoti yangu, nikafikiria kesho asubuhi na ndoo tupu mlangoni. "Kwa jina hilo," nikasema, "humu ndani hayupo."

"Basi yuko wapi?"

"Nafikiri amehama."

Mtendaji akaandika. "Rekebisha rejesta yako basi, Mwalimu, usitutembeze juani," akasema, bila hasira. Somoe alikuwa bado amepiga goti na kopo tupu mkononi. Alimuuliza mtendaji, "Niongeze?" Akasema hapana, ahsante, binti. Wakaenda nyumba nyingine. Mama Bakari akanisogezea sahani, nami nikamenya mng'oko nikala, na ndivyo ilivyokuwa. Watu wanapouliza serikali ilikuwa wapi watoto wale walipopotea, mimi najua ya kijiji kile ilikuwa wapi. Ilikuwa imeketi mkekani, inakula.

Ijumaa nilichora mstari juu ya jina lake kwa rula, na katika safu ya maoni nikaandika Amehama, kwa herufi nzuri. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Maji hayakukoma. Nilitazamia angalau anichukie, alete nusu ndoo, achelewe. Kila asubuhi ndoo ilijaa, jani limeelea. Kilichobadilika ni kwamba aliiacha nje ya kizingiti, na chumbani hakuingia tena. Magunia yaliuzwa mwezi wa kumi na ukuta wa nne ukaonekana, umebandikwa magazeti kutoka juu mpaka chini. Siku hiyo nilimwita. Alisimama mlangoni, akautazama kwa mbali, akasema ana mtoto mgongoni. Mwezi wa kwanza nilipata uhamisho wa kurudi Masasi, ule wa kweli, wenye barua. Nilimwachia Mama Bakari madaftari ya binti yake, akanifungia ming'oko safarini.

Nimekuwa mkali tangu hapo. Wenzangu wanadhani ni tabia. Nimewapeleka wazazi kwenye baraza la kata, nimembishia diwani, nimetembea kwa miguu mpaka mashambani wakati wa kupalilia kutafuta mtoto mmoja, na kila nilipompata nilirudi nyumbani na furaha ambayo haikufika asubuhi. Sijui nilidhani nini, kwamba wakitimia idadi fulani yule wa sita atafutika. Sikuwahi kupanda tena upande wa Mnyambe. Semina zikifanyika Newala namtuma msaidizi.

Basi sasa alikuwa ameketi mbele yangu. Aliniambia bila haraka kwamba anaishi hapa Masasi, anauza mihogo ya kuchemsha karibu na stendi, na mimi ananiona nikipita tangu nilipoletwa kata hii. Nikamuuliza mbona hakunisalimu. "Nilikuwa sina shida na wewe," akasema. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua. "Nilirudi shule, Mwalimu. Mwaka ule ulioondoka. Maji yalishatoka bombani, ntoto anatembea, mama amepona. Baba alinipeleka mwenyewe, amevaa kanzu yake ya Idi. Mwalimu mkuu akafungua kitabu, akasema huyu alihama. Arudi na barua ya uhamisho kutoka huko shule aliyohamia. Baba akauliza, alihamia wapi? Wakamwambia, wewe ndiye baba, sisi tutajuaje?" Akanyoosha kanga yake magotini. "Alikwenda mara tatu. Barua tungeipata wapi, ya shule ambayo haipo?"

Miaka yote nilidhani nilimnyima siku moja, ile Alhamisi. Sikujua kwamba neno langu lilibaki mlangoni pale likilinda, mimi nimeshaondoka, na mtoto aliporudi kwa miguu yake mwenyewe likamfukuza. Nilimwambia nilikosa. Nilimwambia nililijua jina lake, kwamba nilinyamaza kwa ajili ya ile ndoo, na kwamba hakuna sababu nyingine. Sauti yangu haikuwa ya Afisa wa chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza maana ya mkandarasi. Sikuona msamaha usoni pake, wala sikuona hasira.

"Andika kwanza, Mwalimu," akasema.

Nikavuta rejesta ya darasa la tano. Asumini yuko mstari wa kumi na nne, hana sifuri hata moja. Katika safu ya maoni, kinyume cha taratibu zote ninazozisimamia, nikaandika: Anaitwa pia Mwanahawa. Ni huyu huyu. Herufi hazikuwa nzuri. Somoe aliigeuza rejesta imwelekee, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma neno kwa neno kwa sauti ndogo, hakuruka hata moja, akarudia mara ya pili. Kisha akainuka, akachukua mwavuli wake, akavaa kandambili.

"Huyu," akasema pale mlangoni, "msije mkamhamisha."